Primož Trubar na Suala la Lahaja: Funzo kwa Somo la Usanifishaji

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Pili, suala la usanifishaji wa Kiswahili si geni kwenu. Mtahiniwa anapotakiwa aeleze sababu zilizofanya Kiunguja kiteuliwe kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, aghalabu huanza vyema. Hutaja biashara ya Unguja, misafara ya kwenda bara na vitabu vilivyokuwa vimekwisha kuandikwa kwa lahaja hiyo. Kisha hutia hoja ambayo haina mashiko hata kidogo: kwamba Kiunguja kilikuwa kitamu zaidi, au safi zaidi, kuliko Kimvita, Kiamu na lahaja nyinginezo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lahaja haiteuliwi kwa utamu wake. Huteuliwa na watu wenye haja fulani, wakiwa mahali fulani, kisha huandikwa na kufundishwa mpaka wasomaji wakaizoea. Ili tulione jambo hili bila ya ushabiki wa upwani kwetu, tutasafiri hadi Ulaya ya karne ya 16, tuyatazame maisha ya Primož Trubar, padri aliyeanza kuyatafsiri maandiko matakatifu kwa Kislovenia. Mwishoni mwa safari hiyo tutajikuta tumerudi Mombasa kwa njia ambayo huenda hukuitarajia.

Mwana wa mwenye kinu

Trubar alizaliwa mwaka wa 1508 katika kijiji cha Rašica, kwenye nchi iliyoitwa Kranjska, ambayo leo ni sehemu ya Slovenia. Baba yake alikuwa na kinu cha kusagia nafaka. Wakati huo Waslovenia hawakuwa na dola yao wenyewe, bali walikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Habsburg. Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na ya shule. Kijerumani kilikuwa lugha ya mabwana na ya ofisi. Kislovenia kilizungumzwa nyumbani, shambani na sokoni.

Haifai kusema kwamba Kislovenia hakikuwahi kuandikwa kabisa. Zipo hati chache za kidini zilizoandikwa takriban mwaka wa 1000, zijulikanazo kama Hati za Freising, na maandishi mengine machache ya baadaye. Lakini hapakuwa na kitabu hata kimoja kilichopigwa chapa, wala tahajia iliyokubaliwa, wala shule iliyomfundisha mtoto kuisoma lugha ya mama yake. Trubar mwenyewe, katika dibaji zake, anakumbuka kwamba watu waliiona lugha hiyo kuwa ya kishamba mno, isiyoweza kuandikwa wala kusomwa.

Kijana huyo alisoma Rijeka na Salzburg, kisha akaingia katika nyumba ya Askofu Pietro Bonomo wa Trieste. Bonomo alikuwa msomi mkubwa. Aliwasomea vijana wake maandishi ya Virgil na ya Erasmus, akiwafafanulia kwa Kiitaliano, Kijerumani na pia Kislovenia. Tafadhali lishike jambo hili, msomaji. Kabla Trubar hajaiandika lugha yake, alikwisha kuisikia ikibeba mawazo mazito kinywani mwa mtu aliyemheshimu. Mwaka wa 1528 alikwenda Chuo Kikuu cha Vienna lakini hakumaliza masomo, na mwaka wa 1530 Bonomo akampa upadri.

Padri atoroka

Padri Trubar alihubiri Ljubljana, mji mkuu wa Kranjska, na mwaka wa 1542 akawa miongoni mwa makanoni wa kanisa kuu la mji huo. Alihubiri kwa lugha ya wenyeji na alivuta wengi. Hata hivyo, mafundisho yake yaliegemea zaidi na zaidi upande wa mageuzi yaliyoanzishwa na Martin Luther. Askofu mpya, Urban Textor, akaamua kumkamata. Vitabu vyake vilichukuliwa, na mwaka wa 1548 Trubar akakimbilia Nuremberg, Ujerumani. Tangu hapo alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, tena mkimbizi. Alipata kazi ya kuhubiri katika mji wa Rothenburg, kisha Kempten, akiwahudumia Wajerumani kwa Kijerumani.

Hapa ndipo jambo la ajabu linapotokea. Alipokuwa nyumbani katikati ya wasemaji wa Kislovenia, Trubar hakuchapisha kitabu. Alipokuwa ugenini, akiwa hana hata Mslovenia mmoja katika usharika wake, ndipo alipoanza kuandika. Sababu yake ni rahisi. Mhubiri aliyefukuzwa hawezi tena kuwafikia watu wake kwa sauti, kwa hiyo hana budi kuwafikia kwa karatasi.

Mwaka wa 1550 vilichapwa huko Ujerumani vitabu viwili, Catechismus na Abecedarium. Hivyo ndivyo vitabu vya kwanza kuchapwa kwa Kislovenia. Kwa kuwa vitabu vya Kiprotestanti vilikuwa vikidhibitiwa wakati huo, mwandishi alijificha nyuma ya lakabu, na mahali pa kuchapwa pakaandikwa kwa uongo. Katika maandishi hayo aliwaita wasomaji wake Waslovenia, jina ambalo hapo awali halikuwahi kuonekana kitabuni kwa lugha yao.

Sisi walimu tuitazame Abecedarium kwa makini. Ni kijitabu kidogo cha kufundishia herufi na silabi. Trubar alitambua kwamba hakuna faida ya kuwaandikia watu wasiojua kusoma. Kwa hiyo alitoa kitabu cha mafundisho ya dini na, pamoja nacho, kitabu cha kumfundisha msomaji namna ya kukisoma hicho cha kwanza. Wasomaji hawakuwapo bado, na ilimbidi awaumbe.

Herufi na lahaja

Vitabu vya 1550 vilichapwa kwa herufi za Kigothi, zile zilizotumiwa na Wajerumani. Miaka mitano baadaye Trubar aliziacha, akahamia herufi za Kirumi. Wakati huohuo Pietro Paolo Vergerio, aliyewahi kuwa askofu wa Koper kabla ya kujiunga na Waprotestanti, alimhimiza aanze kuyatafsiri maandiko yenyewe. Injili ya Mathayo ikatoka mwaka wa 1555, na mwaka wa 1557 zikatoka Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume. Zote zilichapwa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Nyaraka za Mitume zilifuata kwa mafungu kuanzia mwaka wa 1560, Zaburi zikatoka mwaka wa 1566, fungu la mwisho la Agano Jipya mwaka wa 1577, na Agano Jipya lote pamoja mwaka wa 1582. Hesabu mwenyewe: kutoka Mathayo hadi Agano Jipya kamili ni miaka 27.

Trubar hakujua Kiyunani wala Kiebrania, na hakulificha jambo hilo. Alifanya kazi kwa kulinganisha tafsiri za Kilatini, ya Luther ya Kijerumani na nyinginezo alizoweza kuzisoma. Lakini kikwazo kikubwa zaidi hakikuwa lugha chanzi. Kilikuwa lugha lengwa. Katika dibaji ya 1557 analalamika kwamba Kislovenia hakisemwi kwa namna moja kila mahali. Watu wa Kranjska husema hivi, wa Carinthia hivi, wa Styria vingine, na walio karibu na bahari vingine tena, na matamshi hubadilika kila baada ya mwendo mfupi tu. Je, padri huyu angeandika kwa lahaja ipi?

Jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba alishika usemi wa Rašica, alikozaliwa. Jibu hilo liliaminiwa kwa muda mrefu. Lakini mwaka wa 1968 mwanaisimu Jakob Rigler alichunguza irabu za maandishi ya Trubar, akaonyesha kwamba nyingi hazilingani na usemi wa Rašica. Zinalingana na usemi wa Ljubljana, mji aliohubiri kwa miaka mingi. Mwandishi alidhani anaandika kama mama yake, kumbe kalamu yake ilifuata mimbari yake.

Tofauti hiyo ina uzito, msomaji. Ljubljana haikuwa na Kislovenia kitamu kuliko Rašica. Ilikuwa na kanisa kuu, soko, watu waliotoka pande zote, na wahubiri ambao usemi wao ulisikika na wengi. Trubar alihitaji maneno yatakayoeleweka na mkulima wa mbali bila ya mkalimani. Usemi wa mjini ulikuwa umekwisha kuchujwa na watu wa lahaja mbalimbali waliokutana hapo, na kwa sababu hiyo ukamfaa.

Maneno ya kuazima

Mhakiki wa tafsiri atauliza pia kuhusu msamiati. Trubar alishutumiwa na wasomi wa baadaye kwa kujaza maandishi yake maneno ya Kijerumani. Kwa dhana ya neema alitumia gnada, kutoka Gnade ya Kijerumani. Kwa dhana ya baraka alitumia žegen, kutoka Segen. Katika karne ya 19 wapenzi wa Kislovenia safi waliyafagia maneno hayo, wakaweka milost na blagoslov, yenye asili ya Kislavoni.

Kabla hatujawaunga mkono wafagiaji hao, tuiangalie sentensi yetu wenyewe hapo juu. Neema ni neno lenye asili ya Kiarabu. Baraka vilevile. Biblia ya Kiswahili inayatumia yote mawili, na hakuna mwumini anayeyaona kuwa mageni. Mtafsiri wa Kiswahili na mtafsiri wa Kislovenia walifanya jambo lilelile: walichukua neno ambalo mtu wa kawaida alikuwa nalo tayari ulimini. Gnada halikuwa kosa la tafsiri. Lilikuwa ni uaminifu kwa msomaji wa wakati ule. Mtahiniwa anayeandika kwamba ukopaji ni udhaifu wa lugha na alikumbuke hili.

Kuitwa nyumbani na kufukuzwa tena

Mwanzoni mwa miaka ya 1560 kazi ya Trubar ilipanuka. Mkabaila mmoja, Hans von Ungnad, alianzisha matbaa katika mji wa Urach, karibu na Tübingen, iliyochapa vitabu kwa Kislovenia na Kikroeshia. Wakuu wa Kranjska nao walimwita Trubar aje Ljubljana kuliongoza kanisa la Kiprotestanti. Akarudi nyumbani. Mwaka wa 1564 alitoa kitabu cha taratibu za kanisa, kiitwacho Cerkovna ordninga, ambamo alitaka watoto wa parokia wafundishwe kusoma kwa lugha yao. Mtawala Karl wa ukoo wa Habsburg alikiona kitabu hicho kuwa ni kuingilia mamlaka yake, na mwaka wa 1565 Trubar akafukuzwa kwa mara ya pili.

Baada ya muda mfupi katika mji wa Lauffen, alipewa usharika wa kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, mwaka wa 1567. Huko ndiko alikoishi hadi kifo chake tarehe 28 Juni 1586, na huko ndiko alikozikwa. Aliacha zaidi ya vitabu 20. Hata katika siku za mwisho alikuwa akitafsiri mahubiri ya Luther, na mwanawe Felicijan akayachapisha mwaka wa 1595.

Biblia nzima hakuikamilisha yeye. Ilikamilishwa na Jurij Dalmatin, kijana aliyesaidiwa masomo yake na Trubar mwenyewe. Mtawala alikataza isichapwe Ljubljana, ikapelekwa Wittenberg, na mwaka wa 1584 zikatoka nakala 1,500. Mwishoni mwa Biblia hiyo Dalmatin aliambatisha orodha ya maneno yenye visawe vya lahaja nyingine, ili msomaji wa mbali asikwame. Mwaka huohuo na katika mji huohuo Adam Bohorič alichapisha sarufi ya kwanza ya Kislovenia, Arcticae horulae, iliyoandikwa kwa Kilatini. Kwa hiyo ndani ya miaka 34 lugha iliyodharauliwa ilipata kitabu cha silabi, tafsiri ya Biblia nzima na sarufi.

Moto na kilichobaki

Kisha upepo ukageuka. Askofu Tomaž Hren wa Ljubljana aliongoza kampeni ya kuurudisha Ukatoliki, na kati ya mwaka wa 1600 na 1601 vitabu vya Waprotestanti vilichomwa moto hadharani. Wahubiri wao walifukuzwa. Kwa mtazamo wa kanisa lake, kazi ya Trubar ilikuwa imeshindwa.

Kwa mtazamo wa lugha, haikushindwa. Biblia ya Dalmatin iliponea chupuchupu, kwa kuwa mapadri Wakatoliki walipewa ruhusa ya kuitumia. Hren huyohuyo alipotaka kitabu cha masomo ya misa kwa Kislovenia, kilichotoka mwaka wa 1613, maneno yake yalijengwa juu ya yale ya Dalmatin. Biblia ya Kikatoliki iliyotayarishwa na Jurij Japelj na wenzake ilitoka kwa mafungu kati ya 1784 na 1802. Tahajia iliyopewa jina la Bohorič ilitumika hadi miaka ya 1840. Wapinzani waliukataa ujumbe wa Trubar, lakini walipofungua vinywa kujibu, waliongea kwa lugha aliyoiandika.

Leo sura yake imo kwenye sarafu ya euro moja ya Slovenia. Tangu mwaka wa 1992 tarehe 31 Oktoba, Siku ya Mageuzi ya Kidini, ni sikukuu ya taifa katika nchi ambayo Wakatoliki ni wengi zaidi ya Waprotestanti.

Kutoka Derendingen hadi Mombasa

Sasa msomaji, kilikumbuke kijiji kile cha Derendingen alikozikwa Trubar. Tarehe 11 Januari 1810, zaidi ya miaka 220 baada ya kifo chake, alizaliwa katika kijiji hichohicho mtoto aliyeitwa Johann Ludwig Krapf. Ni Krapf yuleyule aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, akampoteza mkewe na mtoto wao mchanga katika mwaka huohuo, na akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka wa 1850 katika mji wa Tübingen, mji uleule uliochapa Injili za Trubar, miaka 300 kamili baada ya Abecedarium.

Hatusemi kwamba Krapf alijifunza kwa Trubar. Uhusiano uliopo ni wa mahali tu. Lakini tukiwaweka wawili hawa bega kwa bega, hoja yetu inajitokeza waziwazi. Krapf aliishi Mombasa, akaandika Kimvita. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka wa 1864, aliandika Kiunguja, na Biblia nzima ya lahaja hiyo ikatoka mwaka wa 1891. Kila mmoja aliandika usemi wa mahali alipohubiria, kama Trubar na Ljubljana. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokiteua Kiunguja, haukupima utamu. Ulipima ueneaji wa lahaja, vitabu vilivyokuwapo, na urahisi wa kuitumia shuleni na serikalini katika maeneo yote.

Zipo pia tofauti ambazo mtahiniwa makini hatazisahau. Trubar alikuwa mwenyeji aliyeandika lugha ya mama yake, ilhali Krapf na Steere walikuwa wageni waliowategemea wenyeji. Krapf alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, na kumtaja Krapf bila ya kumtaja mwanachuoni huyo ni kupunja historia. Isitoshe, Kiswahili hakikuwa na ukiwa wa maandishi kama Kislovenia. Utendi wa Tambuka uliandikwa kwa hati za Kiarabu mwaka wa 1728, zaidi ya karne moja kabla ya Krapf kutia nanga. Wamishenari hawakukipa Kiswahili maandishi. Walikipa herufi nyingine na matbaa.

Hitimisho

Maisha ya Trubar yanatuachia mambo matatu ya kupeleka darasani. Kwanza, lahaja ya msingi hutokana na mahali palipo na wasikilizaji wengi, wala si ubora wa kuzaliwa nao. Pili, ukopaji wa maneno ni njia ya kumfikia msomaji alipo. Tatu, lugha sanifu hudumu kwa sababu hata wanaopingana huikubali kuwa uwanja wao wa kubishania.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Lamu, wa Vanga au wa Mombasa asiambiwe kamwe kwamba lahaja ya nyumbani kwao ilishindwa kwa kukosa uzuri. Haikushindanishwa kwa uzuri. Mwambie ilivyokuwa, kisha umwachie kalamu aeleze mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. "Lahaja sanifu ni lahaja iliyobahatika." Jadili ukirejelea Kiunguja na usemi wa Ljubljana.
2. Linganisha mchango wa mtafsiri mwenyeji na wa mtafsiri mgeni katika ukuaji wa lugha ya maandishi.
3. Fafanua nafasi ya vitabu vya kufundishia kusoma katika usanifishaji wa lugha.